Fidia ya Kisangani

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalianza kupigana ndani ya Kisangani. Waganda walikuwa wamejipanga kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Wanyarwanda walikuwa wameshika katikati ya mji. Baina yao palikuwa na daraja la Tshopo, na pande zote mbili za daraja palikuwa na nyumba za watu, maduka, shule na makanisa. Mizinga ilivuma siku 6 mfululizo. Watu walijifungia ndani wakalala chini ya vitanda. Wengine walikimbilia msituni na watoto mgongoni. Waliouawa barabarani walibaki pale pale walipoanguka mpaka milio ilipopungua, na wapo waliozikwa uani kwao kwa sababu hakuna aliyethubutu kubeba maiti hadi makaburini.

Milio ilikoma tarehe 10 Juni. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotumwa baadaye mwaka huo kupima hasara ulikuta kwamba makombora zaidi ya 6,600 yalikuwa yameangukia mji. Ulikadiria kuwa raia zaidi ya 760 waliuawa na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, nyingine kidogo, nyingine kabisa. Shule 69 zilipigwa. Kanisa kuu la Notre-Dame nalo lilipigwa, na hospitali hazikusalimika. Watu 65,000 waliyahama makazi yao. Miaka 10 baadaye, ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003 iliweka idadi ya waliouawa mahali fulani kati ya 244 na 760. Pengo hilo la watu mia tano na zaidi, ambao haijulikani kwa hakika kama walikufa, linaonyesha ugumu wa kuthibitisha vifo, ugumu uliokuja kuwa na uzito mkubwa mahakamani, kama tutakavyoona.

Wakazi wa Boyoma, kama wenyewe wanavyouita mji wao, huyaita mapigano hayo Vita vya Siku Sita. Lakini hivyo havikuwa vita vyao. Hakuna mkazi wa Mangobo wala wa Makiso, komini za mji huo, aliyegombana na Kampala au Kigali. Rwanda na Uganda ziliingia Kongo pamoja mwezi Agosti 1998 kumwondoa Laurent-Désiré Kabila, mtu yule yule ambaye zilimsaidia kuingia Kinshasa mwaka mmoja kabla. Zililea kundi moja la waasi, RCD, na kabla mwaka haujaisha kundi likaanza kupasuka. Kiongozi wake, Profesa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihamia Kisangani chini ya ulinzi wa Waganda. Tawi la Goma likabaki na Wanyarwanda. Kisangani ilikuwa na viwanja vya ndege, ilikuwa na bandari ya mto, na ilikuwa na almasi. Kila upande ulitaka mji uwe wake. Zilipigana hapo Agosti 1999, wiki chache baada ya mkataba wa kusimamisha vita kutiwa saini Lusaka tarehe 10 Julai. Zikapigana tena Mei 2000. Mwezi uliofuata ndio ukaja ule mpambano wa siku sita, mbele ya macho ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa tayari mjini.

Tarehe 16 Juni 2000, damu ikiwa bado mbichi, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Lilizitaka Uganda na Rwanda ziondoke Kisangani na Kongo nzima. Kisha, katika kifungu cha 14, lilisema jambo ambalo Baraza hilo husema kwa nadra: kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa ajili ya maisha yaliyopotea na mali iliyoharibiwa kwa raia wa Kisangani. Mji ulitajwa kwa jina. Nchi mbili zilitajwa kwa majina. Mtu aliyepoteza mguu wiki ile angeweza kuamini kwamba jambo limekwisha amuliwa na kilichobaki ni kuhesabu.

Azimio halikuwa na hakimu wala karani wa kulitekeleza. Njia ya mahakama ilikuwa imeshafunguliwa mahali pengine, mwaka mmoja kabla ya vita vyenyewe. Tarehe 23 Juni 1999 serikali ya Kinshasa ilizishitaki Uganda, Rwanda na Burundi kwa pamoja mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Mahakama hiyo husikiliza kesi za dola dhidi ya dola, basi. Mtu binafsi hana mlango pale, hata awe amepoteza familia nzima. Na dola nayo haiburuzwi mbele yake bila ridhaa. Uganda ilikwisha kutoa ridhaa hiyo tangu mwaka 1963, ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ilipoandika kwamba inakubali mamlaka ya mahakama. Rwanda haikuwahi kuandika hivyo. Kongo iliziondoa kesi dhidi ya Rwanda na Burundi mwanzoni mwa 2001, ikairudia ile ya Rwanda mwezi Mei 2002 kwa kuegemea mikataba kadhaa ya kimataifa, ukiwemo ule wa kuzuia mauaji ya kimbari. Rwanda ilipojiunga na mkataba huo ilikuwa imeweka sharti: kifungu kinachoipa mahakama ya The Hague mamlaka hakitaihusu. Tarehe 3 Februari 2006 majaji 15 dhidi ya 2 walisema hawana mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Waliongeza kwamba dola hubaki na dhima ya matendo yake hata pale ambapo hakuna mahakama ya kuihukumu. Ni kweli kisheria. Kwa mjane wa komini ya Tshopo, sentensi hiyo haikununua hata bati moja la kuezekea.

Kwa hiyo, kati ya majeshi mawili yaliyopigania daraja moja kwa siku zile zile, moja lilikuwa na mahakama na jingine halikuwa nayo. Kilichotenganisha ni karatasi ya Uganda iliyotiwa saini mwaka 1963, wakati wengi wa wanajeshi wale walikuwa hawajazaliwa.

Hukumu dhidi ya Uganda ilisomwa tarehe 19 Desemba 2005. Kampala ilijitetea kwa kusema kwamba iliingia Kongo kwa mwaliko, na baadaye kwa kujihami dhidi ya waasi waliokuwa wakiishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mahakama ilikataa. Kwa kura 16 dhidi ya 1 ilisema Uganda ilivunja sheria inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Aliyepinga alikuwa James Kateka wa Tanzania, jaji wa muda aliyeteuliwa na Uganda kama taratibu zinavyoruhusu. Mahakama ilisema pia kwamba Uganda ilikuwa dola iliyoikalia Ituri na hivyo ilikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wa huko. Kwamba wanajeshi wake waliua, walitesa, waliharibu vijiji na kuwafunza watoto vita. Na kwamba ilishindwa kuzuia uporaji wa dhahabu, almasi na mbao. Sehemu ya ushahidi ilitoka Uganda kwenyewe, katika tume ya Jaji David Porter iliyoundwa na Kampala mwaka 2001 kuchunguza uporaji huo. Kongo nayo ilikutwa na kosa: ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa ulivamiwa na wanadiplomasia wake wakatendewa vibaya.

Kuhusu Kisangani, majaji walisema wazi kwamba Uganda inawajibika kwa yale majeshi yake yaliyoyatenda hapo. Rwanda haikuwa mbele yao, hivyo hawakuigusa. Kisha wakaziambia nchi mbili ziende zikakubaliane juu ya kiasi cha fidia.

Hazikukubaliana. Miaka 10 ilikatika kwa vikao vya mawaziri, kauli za pamoja na mikono kupeanwa. Mwaka 2015 Kongo ilirudi The Hague kuomba mahakama yenyewe ipange kiasi. Miaka 7 mingine ikapita. Waliojeruhiwa wakiwa na umri wa miaka 10 mwaka 2000 walikuwa sasa na watoto wao.

Katika kipindi hicho wahanga hawakukaa wakingoja. Groupe Lotus, shirika la haki za binadamu la Kisangani, lilikuwa limeanza kuandika yaliyotokea tangu makombora yalipokuwa bado yanaanguka. Waliokatwa viungo waliunda chama chao. Mwaka 2018 baadhi yao waliamua kwenda Kinshasa wenyewe, na Dieudo Hamadi, mtengeneza filamu mzaliwa wa Kisangani, akafuatana nao na kamera. Filamu yake, En route pour le milliard, ya mwaka 2020, ilikuwa ya kwanza kutoka Kongo kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Aliyeiona hasahau ile mashua. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,700 kushuka mto Kongo. Watu wenye miguu ya bandia na magongo wamelala bega kwa bega na magunia na mizigo ya wafanyabiashara, chini ya turubai. Mvua inapokuja usiku wanalishika turubai kwa mikono lisipeperuke, na mwenye mkono mmoja anashika kwa huo mmoja. Wanafika mji mkuu wakati nchi nzima imezama katika uchaguzi. Wanasimama mbele ya jengo la Bunge. Hawaingii.

Nimeitaja filamu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo hukumu haziwezi kulionyesha. Kesi iliitwa Kongo dhidi ya Uganda. Kongo ilikuwa mdai. Watu wa kwenye mashua walikuwa wanakwenda kumdai mdai.

Hukumu ya fidia ilitolewa tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani. Mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Uganda ilipewa miaka 5 kulipa, milioni 65 kila mwaka kuanzia tarehe 1 Septemba 2022, na ikichelewa itatozwa riba ya asilimia 6. Kampala ilisema hukumu si ya haki. Hata hivyo ilipofika Septemba ililipa fungu la kwanza lote. Wakati huo wanajeshi wake walikuwa wamerudi Kongo, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, wakiwawinda waasi wa ADF tangu Novemba 2021.

Kwa nini milioni 325 na si bilioni 11? Hapa inafaa tutulie, maana ndipo ilipo sehemu ngumu zaidi ya historia hii. Kongo ilidai kwamba watu 180,000 walikufa kwa sababu ya Uganda. Majaji walisema ushahidi haukubali idadi hiyo. Wao waliona vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia viko kati ya 10,000 na 15,000. Kinshasa ilikuwa imepeleka rundo la fomu zilizojazwa na wahanga katika maeneo ya vita. Fikiria fomu moja kati ya hizo. Jina, mtaa, tarehe. Aliyekufa ni nani kwako. Nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, imeezekwa kwa nini, ndani yake palikuwa na nini. Aliyejaza ameandika cherehani, baiskeli, mbuzi wawili, kisha akapiga saini au akaweka dole gumba. Sasa jaji wa The Hague anauliza: cheti cha kifo kiko wapi? Karatasi ya hospitali iko wapi? Nani mwingine alishuhudia? Mama aliyemzika mwanawe uani tarehe 7 Juni 2000 hana cheti. Hospitali iliyopigwa kombora haina daftari. Fomu nyingi hazikuwa na kiambatisho chochote, na mahakama ikasema uzito wake ni mdogo.

Majaji hawakukosa kuona ugumu huo. Waliandika kwamba katika vita vya namna hiyo haiwezekani kutarajia kila kifo kithibitishwe kwa hati, na ndiyo sababu hawakukata fidia ya mtu mmoja mmoja. Walitoa kiasi cha jumla kwa kila aina ya madhara, wakiangalia mipaka ambayo ushahidi unaonyesha pamoja na misingi ya usawa. Ndani ya zile milioni 225 mna vifo, majeraha, ubakaji, watoto waliotiwa jeshini na watu waliohamishwa makwao, vyote kwa pamoja, bila kusema kila kimoja ni shilingi ngapi.

Kisangani ilikuwa na fumbo lake yenyewe. Kombora lililoingia sebuleni mwa mtu wa komini ya Kabondo halikuwa na bendera. Lilitoka kaskazini au kusini? Lilirushwa na Mganda au na Mnyarwanda? Uganda ilisema isibebeshwe mzigo wa mwenzake, na kisheria hoja hiyo ina msingi. Mahakama iliamua kwamba kila nchi inawajibika kwa uharibifu uliofanywa na jeshi lake, halafu ikakiri kwamba kwa ushahidi uliopo haiwezi kusema sehemu ya Uganda ni kiasi gani hasa. Ikasema imeutilia maanani ushahidi wa Kisangani katika kufikia jumla. Kwa hiyo ndani ya milioni 325 imo Kisangani, lakini hakuna mahali palipoandikwa ni kiasi gani. Fidia ililipwa kwa jina la watu ambao hukumu haikuwataja, kwa makombora ambayo haikuyahesabu. Silaumu majaji. Kazi ya kupata majina ilipaswa kuanza Juni 2000, wakati mashahidi wapo na mashimo hayajafukiwa, na wa kuifanya alikuwa serikali.

Katika aya za mwisho za hukumu hiyo kuna maneno ambayo kila mhanga wa Kisangani angepaswa kuwa na nakala yake. Mwakilishi wa Kongo alikuwa ameiahidi mahakama kwamba fedha zitawekwa katika mfuko maalumu, zitagawiwa wahanga kwa haki, na mfuko utasimamiwa na vyombo ambavyo ndani yake wamo wawakilishi wa wahanga na wa asasi za kiraia, kwa msaada wa wataalamu wa kimataifa. Mahakama ilisema imeisikia ahadi hiyo na inaifurahia. Iliongeza kwamba wakurugenzi wa mfuko wanaweza pia kufikiria hatua za kuzinufaisha jamii zilizoathirika kwa ujumla.

Mfuko wenyewe ulikuwa umekwisha kuundwa kwa amri ya waziri mkuu mwezi Desemba 2019, ukaitwa kwa kifupi FRIVAO, makao makuu Kisangani, chini ya Wizara ya Sheria. Kuwekwa Kisangani kulikuwa heshima kwa mji, na kulileta manung'uniko Ituri, ambako Uganda ilikalia eneo zima kwa miaka na ambako hukumu ilielekeza macho zaidi. Beni, Butembo, Buta na Gemena nazo zimo katika hukumu. Orodha zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Watu walikuja na karatasi zao kwa miguu na kwa toleka, baiskeli zinazobeba abiria wa Kisangani, wakaambiwa jina halipo, au lipo na kosa, au lipo mara mbili. Wengine walilipwa. Wengi waliendelea kungoja, na mara kadhaa walikusanyika mbele ya ofisi za mfuko kudai chao. Mwaka 2024 waziri mpya wa sheria, Constant Mutamba, kijana mwenye maneno makali dhidi ya wezi wa mali ya umma, aliusimamisha uongozi wa mfuko na kuweka mwingine. Kisangani ilimpigia makofi.

Mwaka uliofuata ndipo ilipozuka kesi ya gereza.

Gereza kuu la Kisangani ni la tangu enzi za Wabelgiji, na limejaa kupita kiasi. Waziri aliamua kujenga jipya. Mkataba ulitolewa bila zabuni ya ushindani kwa kampuni ya Zion Construction, na mwezi Aprili 2025 dola zipatazo milioni 19.9 zilihamishwa kwenda kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Zilitoka katika akaunti ya FRIVAO. Ziliwekwa pale kwa ajili ya waliokatwa miguu, waliobakwa, waliofiwa.

Mwendesha mashtaka mkuu mbele ya Mahakama ya Kasasioni, Firmin Mvonde, aliomba Bunge ruhusa ya kumshitaki waziri. Bunge liliitoa Juni 2025, na Mutamba akajiuzulu siku chache baadaye. Kesi ilifunguliwa Kinshasa mwezi Julai. Upande wa mashtaka ulisema taratibu za mikataba ya umma zilikiukwa, idhini zilizotakiwa hazikuwepo, na nia ilikuwa kuzichota fedha. Mshitakiwa alisema hakuchukua hata dola moja, kwamba fedha zilikuwa bado benki, na kwamba hiyo ni njama ya kisiasa ya kummaliza. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 10. Tarehe 2 Septemba 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa kufuja fedha za umma, ikampa miaka 3 ya kazi ngumu na kumnyima kwa miaka 5 haki ya kupiga kura na kugombea. Kwa mawaziri, Mahakama ya Kasasioni ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho, hakuna rufaa.

Nchi nzima ilibishana kuhusu Mutamba. Wafuasi wake waliona kijana anakatwa mbawa. Wapinzani wake waliona mwenye kuwashutumu wengine amekamatwa. Redio na mitandao ilijaa jina lake. Swali ambalo lingepaswa kuulizwa Kisangani lilikuwa jingine: kama taratibu zote zingefuatwa, kama zabuni ingetangazwa na kila idhini ikapatikana, je, gereza lile lingekuwa halali kujengwa kwa fedha hizo?

Mtu anaweza kujaribu kujibu ndiyo kwa kuegemea yale maneno ya The Hague kuhusu hatua za kuzinufaisha jamii. Hoja hiyo haisimami. Shule katika mtaa uliopigwa, zahanati yenye fundi wa viungo bandia, mnara wa kumbukumbu wenye majina: hizo ni hatua kwa jamii iliyoathirika, na wahanga wenyewe wangeweza kukaa na kuzichagua. Gereza ni wajibu wa dola kwa bajeti ya dola, liwepo au lisiwepo dai dhidi ya Uganda. Serikali inapolilipia kwa fidia, inakuwa imepunguza gharama zake kwa mguu wa mtu mwingine. Na ahadi iliyotolewa mbele ya majaji ilisema wawakilishi wa wahanga watakuwemo katika usimamizi. Kama viti hivyo vingekuwa na watu wenye sauti, mkataba ule usingefika benki.

Hapa sheria ya Kongo ina upungufu ambao kesi ya Mutamba imeufichua bila kuutibu. Kosa lililohukumiwa ni kufuja fedha za umma. Mbele ya sheria, basi, aliyeibiwa ni hazina ya taifa. Lakini fedha hizi ziliingia Kongo zikiwa na wenyewe. Uganda haikuzilipa kama kodi wala mkopo. Ilizilipa kwa sababu mahakama ilisema imewadhuru watu. Sheria ingepaswa kutamka wazi kwamba serikali ni mtunza amana tu, na kumpa mhanga haki ya kuushitaki mfuko kwa jina lake mwenyewe pale unapomnyima au unapozipeleka fedha kwingine. Tangu Desemba 2022 ipo sheria inayoweka misingi ya ulinzi na fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono wa vitani na wa makosa dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na kuna mfuko mwingine, FONAREV, uliozaliwa nayo. Misingi inaweza kuazimwa hapo. Kinachokosekana ni mlango wa mtu mmoja kuingia mahakamani Kisangani, akasema: jina langu ni hili, mlipewa changu, kiko wapi?

Mara tatu sasa mahakama kubwa zimeamua juu ya mambo yaliyompata mtu wa daraja la Tshopo. Mwaka 2005 na 2022 alikuwa ushahidi wa Kongo dhidi ya Uganda. Mwaka 2025 fedha zake zilikuwa kielelezo cha dola dhidi ya waziri. Katika kesi zote hizo hakuwa upande wowote, hakuitwa kwa jina lake, na hukumu ilipotoka hakukabidhiwa nakala.

Fungu la tano na la mwisho la Uganda linaangukia Septemba 2026. Baada ya hapo deni la Kampala kwa mujibu wa hukumu litakuwa limekwisha, na hakuna mtu atakayeweza kurudi The Hague kusema kwamba zilizolipwa ziliishia njiani. Kwa upande wa Rwanda, Kongo sasa imepata mahakama, ila si kwa ajili ya Juni 2000. Tarehe 26 Juni 2025, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikubali kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Kesi hiyo inahusu vita vya hivi karibuni vya Kivu Kaskazini. Makombora yaliyotoka upande wa Wanyarwanda katika siku zile sita bado hayana mahakama, na kifungu cha 14 cha azimio 1304, kinachozitaja nchi zote mbili, hakijawahi kufutwa.